Kabla Hujanunua Jina la Mumbai

Kwa takriban miaka kumi, tangu 2007, dereva wa Kanda ya Ziwa aliyejaza mafuta kwenye kituo cha Gapco alikuwa mteja wa Reliance Industries, mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote India. Wengi hawakulijua hilo, na hapakuwa na sababu ya kulijua: bango lilisema Gapco. Mwaka 2017 Total ya Ufaransa ilikamilisha ununuzi wa vituo hivyo, vipatavyo 100 katika Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na maghala ya mafuta ya Dar es Salaam na Mombasa. Rangi zikabadilishwa, wahudumu wakavalishwa sare mpya. Kwetu sisi, mtandao mzima wa nchi tatu ulikuwa umehama mikono. Kwa Reliance, ambayo mitambo yake ya Jamnagar inaweza kusafisha zaidi ya mapipa milioni 1.2 ya mafuta ghafi kwa siku, ulikuwa mstari mmoja uliofutwa kwenye ripoti nene.

Nimeutanguliza mfano huo kwa sababu karibu kila hoja ninayoisikia Mwanza ya kununua hisa za makundi makubwa ya India huanzia kwenye kufahamiana. Bajaji zimejaa kuanzia Buhongwa hadi Igoma. Basi la Tata limetupeleka shule. Laini ya Airtel iko kwenye simu. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Tabora, Nzega na Igunga yanapita kwenye bomba lililojengwa kwa mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka Exim Bank ya India, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na Larsen & Toubro kwa ubia na Shriram. Basi mtu anasema: hawa tunawajua, biashara yao tunaiona kila siku, kwa nini na sisi tusiwe wenye mali? Nia ni njema. Ila unachokiona ukiwa huku ziwani ni kijisehemu cha biashara yao, na mara nyingi sicho kinacholeta faida. Hata faida yenyewe inaweza kuwa inaingia kwenye kampuni nyingine kabisa yenye jina lile lile.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama kampuni ni nzuri, uliza ni karatasi ipi hasa unayouziwa. Chukua Bajaj. Inayotengeneza bajaji na pikipiki za Boxer ni Bajaj Auto. Bajaj Finance inakopesha. Bajaj Finserv imekaa juu ya mikopo na bima. Bajaj Holdings kazi yake kubwa ni kushika hisa za Auto na Finserv. Kila moja ina bei yake katika soko la Mumbai. Halafu kuna Bajaj Hindusthan, ya sukari, iliyo mikononi mwa tawi jingine la ukoo lililojitenga, na historia yake ya madeni ni habari ya peke yake. Mtu akikwambia "nunua Bajaj", bado hajakwambia kitu.

Tata ni hivyo hivyo. Tata Sons, inayomiliki jina na hisa za kudhibiti kundi zima, haiuzwi sokoni; karibu theluthi mbili yake iko chini ya taasisi za hisani zilizoachwa na ukoo huo. Unachoweza kununua ni vipande: TCS, Tata Steel, Tata Motors, Tata Chemicals na vinginevyo. Hii ya mwisho ndiyo yenye mgodi wa magadi wa Ziwa Magadi kule Kenya, na ndiyo iliyokuwa na mpango wa kuchimba magadi Ziwa Natron kabla ya kujiondoa mwaka 2008. Aliyenunua TCS kwa sababu alilipenda basi la Tata amejikuta mwenye hisa za programu za kompyuta. Bahati yake, kwa miaka mingi hicho ndicho kipande kilichozaa fedha kuliko ndugu zake, lakini hiyo ni bahati, si uchambuzi.

Airtel inakwenda mbali zaidi, kwa sababu mnyororo wake unavuka bahari. Bharti Airtel inauzwa katika soko la Mumbai. Chini yake kuna Airtel Africa, iliyoingia soko la London mwaka 2019 kwa senti 80 za paundi kwa hisa. Chini ya hiyo kuna Airtel Tanzania, ambayo serikali yetu ina asilimia 49 na ambayo huwezi kununua hisa yake popote. Pembeni kuna Airtel Uganda, iliyoandikishwa katika soko la Kampala Novemba 2023. Rangi ni ile ile nyekundu, lakini hatari ni tofauti. Mteja wa Nyegezi analipa shilingi na hana habari na Nigeria. Aliyenunua hisa London ndiye aliyeona Airtel Africa ikitangaza hasara ya dola milioni 89 kwa mwaka ulioishia Machi 2024, kwa sababu kubwa ya kuporomoka kwa naira. Wateja hawakupungua. Ni hela waliyolipa iliyopungua thamani.

(Na nyumba zetu wenyewe za biashara? MeTL ya Mohammed Dewji haipo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wala Bakhresa. Ng'ambo ya ziwa, Madhvani wa Kakira, waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakarudi miaka ya themanini, wameendelea kuwa mali ya familia. Kwa hiyo mtu anayetaka kundi la aina hii kwenye soko la hisa hujikuta analazimika kutazama Mumbai.)

Ukishaijua karatasi, ifungue. Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hapimi gunia kwa dagaa waliopangwa juu. Anaingiza mkono hadi chini. Ripoti ya mwaka ya kundi kubwa nayo ina juu na chini. Juu kuna picha za watoto wanaotabasamu na barua ya mwenyekiti. Chini, kwenye maelezo ya hesabu, kuna jedwali linaloonyesha kila sehemu ya biashara imeuza nini, imepata faida gani na imefungiwa mtaji kiasi gani. Anza hapo. Kumbuka tu kwamba mwaka wao wa fedha unaanzia Aprili hadi Machi, na kwamba hesabu zao huandikwa kwa crore, ambayo moja ni milioni 10.

Turudi kwa Reliance uone jedwali hilo linavyobadilisha picha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, kampuni ilikuwa ya kwanza India kuvuka mauzo ya rupia trilioni 10. Zaidi ya nusu ya mauzo hayo yalitoka kwenye mafuta na kemikali. Ukiishia hapo utasema hii ni kampuni ya mafuta, na utakesha ukifuatilia bei ya pipa. Lakini ukishuka kwenye safu ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, mafuta na kemikali yanaleta takriban theluthi moja tu. Jio, mtandao wa simu ulioanza 2016, uko karibu nayo sana, na nyuma yake kuna maduka ya rejareja. Maana yake anayenunua Reliance leo ananunua simu za vijijini Bihar na maduka ya vyakula kiasi kile kile anachonunua mafuta. Kila kimoja kina washindani wake na kila kimoja kinakula mtaji kwa namna yake.

Hesabu unayotakiwa kuifanya hapo ni ya mkono, haihitaji shahada. Kadiria kila sehemu ingeuzwa bei gani kama ingesimama peke yake, ukiangalia kampuni zinazofanana nayo. Jumlisha. Toa madeni yote, yakiwemo ya kampuni tanzu. Toa sehemu ambayo si ya kampuni mama, kwa sababu vipande vya Jio, kwa mfano, vimeshauzwa kwa wengine. Facebook ilichukua asilimia 9.99 mwaka 2020 kwa dola bilioni 5.7. Gawanya kwa idadi ya hisa. Kisha punguza tena kidogo, maana soko mara nyingi hulipa pungufu kwa kundi kuliko jumla ya vipande vyake. Bajaj Holdings ni mfano unaojulikana: kwa miaka mingi imeuzwa kwa bei ya chini ya thamani ya hisa inazoshikilia. Wapo wanaoona pengo hilo wakadhani wameokota dhahabu Geita. Pengo haliwi faida mpaka mwenye kundi aamue kugawa vipande, na uamuzi huo si wako.

Hapo tunafika kwa ukoo, na hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko kwenye grafu za bei. Dhirubhai Ambani, aliyefanya kazi Aden ujanani, aliipeleka Reliance kwa umma mwaka 1977 na kuwafanya watu wa kawaida kuwa wanahisa. Alifariki 2002 bila wosia. Mwaka 2005 wanawe wawili wakagawana. Mukesh akabaki na mafuta na kemikali. Anil akachukua simu, umeme na fedha. Jina likabaki la wote wawili. Januari 2008 Reliance Power ya Anil ikauza hisa kwa umma kwa rupia 450, watu wakazigombania kama tiketi za fainali, ingawa kampuni haikuwa na mtambo hata mmoja wa umeme unaofanya kazi. Siku ya kwanza sokoni, 11 Februari, ilifunga chini ya rupia 375. Kampuni yake ya simu iliishia kwenye ufilisi mwaka 2019, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliiambia mahakama ya London kwamba ukitoa madeni, utajiri wake ni sifuri. Watu walionunua "Reliance" mwaka ule wa 2008 wakapata matokeo yanayotofautiana kama mchana na usiku, kulingana na ndugu waliyemwangukia.

Kwa hiyo uliza mambo ya ukoo bila aibu, kama unavyouliza unapoozesha. Mwenye usukani ana umri gani? Warithi ni wangapi, nani ameshapewa nini, na makubaliano yameandikwa? Larsen & Toubro ina jibu la aina nyingine: ilianzishwa Bombay mwaka 1938 na Wadenmaki wawili, na leo haina ukoo unaoitawala; inaendeshwa na mameneja, na mfuko wa wafanyakazi wake ni miongoni mwa wanahisa wakubwa. Hapo ugomvi wa ndugu haupo. Akikosekana mwenye mali, hata hivyo, swali linahamia kwa mameneja: wanalipwaje, na nani wa kuwaambia hapana?

Pia fuatilia fedha zinazohama kati ya kampuni na jamaa za wenye kampuni. Katika hesabu zilizokaguliwa kuna maelezo ya miamala na wahusika wa karibu. Ni kurasa zinazochosha, na ndizo zenye siri. Desemba 2008 bodi ya Satyam, kampuni kubwa ya kompyuta ya Hyderabad, iliidhinisha kununua kampuni mbili za ukoo wa mwenyekiti wake, Ramalinga Raju, kwa dola bilioni 1.6. Wanahisa wakapiga kelele, mpango ukafutwa ndani ya saa chache. Tarehe 7 Januari 2009 Raju akakiri kwamba fedha zilizoandikwa kwenye vitabu kwa miaka hazikuwepo. Aliyesoma mpango wa Desemba kwa jicho kali alikuwa na wiki tatu za kutoka. Jambo jingine la kutazama ni hisa za mwenye kampuni zilizowekwa rehani. Kampuni za India hutakiwa kutangaza kila robo mwaka mwanzilishi ana asilimia ngapi na amezikopea kiasi gani. Rehani ikiwa kubwa, bei ikishuka kidogo mkopeshaji anaweza kuziuza, na bei ikazidi kushuka.

Kundi la Adani, nalo la India, linanilazimu nikuongezee jambo linaloonekana kupingana na yale niliyosema kuhusu karatasi. Mei 2024 kampuni ya bandari ya kundi hilo ilipata mkataba wa miaka 30 wa kituo cha makontena namba mbili pale Dar es Salaam, kwa hiyo pamba ya Simiyu na kahawa ya Kagera vinavyopita huko vinaweza kuchangia mapato yake. Kenya kulikuwa na mipango miwili: uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kupitia tawi la viwanja vya ndege lililo chini ya Adani Enterprises, na njia za umeme, kupitia Adani Energy Solutions. Jina moja, karatasi tatu. Novemba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walimfungulia mwenye kundi, Gautam Adani, mashtaka yanayohusu mikataba ya umeme wa jua ya kampuni ya nne, Adani Green, mashtaka ambayo kundi liliyakana. Siku iliyofuata Rais Ruto akaifuta mipango yote miwili ya Kenya. Siku hiyo hiyo Mumbai, Adani Ports, isiyohusika na umeme wa jua wala na Nairobi, ilianguka kwa zaidi ya asilimia 10. Hali kama hiyo ilitokea Januari 2023 baada ya ripoti ya Hindenburg, kampuni ya uchunguzi ya Marekani iliyolituhumu kundi kwa udanganyifu, pale kundi zima lilipopoteza zaidi ya dola bilioni 100 za thamani ya sokoni kwa wiki chache.

Kwa maneno mengine, faida haivuki kutoka karatasi moja kwenda nyingine, lakini hofu inavuka. Wakopeshaji, serikali na magazeti hutazama jina. Ukinunua kipande cha kundi linalotegemea sana serikali za nchi mbalimbali kwa vibali na mikataba, umenunua pia uchaguzi wa Kenya, mahakama ya New York na chochote kitakachoandikwa kesho kuhusu ndugu wa kipande chako. Sisemi usinunue. Bandari ya Dar es Salaam haikufutwa, na waliokusanya hisa za Adani wakati wa hofu ya 2023 wengi wao walifaidi. Nasema hatari hiyo iwekwe kwenye bei unayokubali kulipa.

Kuhusu bei yenyewe nitasema machache. Aprili 2024 hisa ya Reliance iliuzwa karibu rupia 2,900, na faida ya mwaka kwa hisa moja ilikuwa kama rupia 103. Ulikuwa unalipa faida ya miaka 28. Gawio lilikuwa rupia 10, yaani chini ya nusu ya asilimia moja. Linganisha na hapa nyumbani: CRDB ililipa shilingi 50 kwa hisa kwa mwaka 2023, hisa ikiwa chini ya shilingi 700, na hatifungani za serikali za muda mrefu zilitoa riba ya zaidi ya asilimia 15. Mzazi anayetegemea gawio kulipa ada ya Januari hana kazi na Reliance, hata ikiwa bora namna gani. Ile ni hisa ya mtu anayesubiri bei ikue. Na mtu akikushangilia kwamba kampuni "inatoa hisa za bure", kama Reliance ilivyofanya Oktoba 2024 kwa kumpa kila mwanahisa hisa moja kwa kila aliyonayo, jua kwamba bei ilijigawa nusu siku ile ile. Hakuna aliyetajirika.

Sarafu haitishi kama watu wanavyodhani, angalau kwa historia. Mwaka 2007 rupia moja ilikuwa takriban shilingi 30. Kwa wastani wa 2024 ilikuwa takriban 31. Zote mbili zilishuka mbele ya dola, karibu kwa mwendo mmoja. Gharama iko njiani: unabadili shilingi kuwa dola, dola kuwa rupia, unalipa kamisheni kila kituo, na siku ya kuuza unarudi kwa njia ile ile.

Na njia yenyewe si pana. Mkazi wa Tanzania hana uhuru wa kupeleka fedha kununua hisa popote apendapo. Kanuni za fedha za kigeni zimefungua zaidi milango ya ukanda wetu kuliko ya Mumbai. India nayo humtaka mgeni apite kwenye milango inayosimamiwa na SEBI, mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko, na wenye asili ya India walio na kadi ya OCI wana mlango wao. Anzia benki yako, uliza kwa maandishi, na ukibaki na shaka uliza Benki Kuu, ina tawi hapa jijini. Anayekwambia atakununulia Tata kwa namba ya simu, utume kwa wakala, faida kila Ijumaa, hauzi hisa. Waliolizwa na upatu wa DECI mwaka 2009 wangali hai wakueleze. Dalali halali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na jina lake unaweza kulihakiki kwa mamlaka yenyewe kabla hujatoa hata senti.

Kwa wengi wetu njia ya busara itakuwa ya kuzunguka: Airtel Uganda au Bank of Baroda Uganda, iliyo tanzu ya benki ya serikali ya India, kupitia dalali wa Kampala, au, kwa aliyeruhusiwa kupeleka fedha mbali zaidi, mfuko unaokusanya hisa nyingi za India kwa pamoja badala ya kuegemea ukoo mmoja. Kiasi kiwe kile ambacho kikikaa miaka mitano bila kuguswa, duka halitafungwa na mtumbwi hautakosa injini.

Kabla ya kutia saini, uliza habari za mirathi. Hisa za Dar es Salaam, mwenyewe akifariki, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama huenda na barua yake kwa dalali, na ingawa huchukua muda, njia inajulikana. Hisa zilizoko Mumbai au London zinaweza kumdai mjane wa Ilemela nyaraka za mahakama za huko na mwanasheria wa huko. Muulize dalali hatua hizo moja moja, andika jibu lake, na karatasi hiyo uiweke pamoja na hati ya kiwanja, mahali ambapo mkeo au mumeo anapajua.